Chupa Kumi Zilizofura: Uchambuzi wa Kisa cha Pilipili ya Ukwaju ya Bibi

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Tanga mwezi wa Januari, katika juma la arusi ya binti wa shangazi yangu, nilipopewa kazi ya kupika pilipili ya ukwaju ya bibi kwa kiasi ambacho bibi mwenyewe hakupata kukipika hata mara moja. Bibi alikuwa akipika chupa tatu, labda nne wajukuu walipokuwa likizo. Mimi nilitakiwa nitoe chupa 24, ili jamaa waliokuja kutoka Muheza, Korogwe na Mombasa warudi kwao na chupa moja moja. Nilipika siku ya Alhamisi. Kufikia Jumatatu chupa 10 kati ya hizo zilikuwa zimefura, vifuniko vyake vya bati vimetuna katikati kama mgongo wa kobe, na moja ilikuwa imevuja usiku kucha na kuacha dimbwi la rangi ya kahawia juu ya kabati la mama.

Kati ya chupa hizo 24, tano zilikuwa zimekwisha kuondoka na wageni. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu chakula kilichoharibika jikoni kwako ni hasara, lakini chakula kilichoharibika mikononi mwa mgeni uliyempa kama zawadi ni jambo jingine kabisa. Niliwapigia simu wote watano asubuhi ile ile na kuwaomba wasionje, wasifungue, hata kama chupa yao inaonekana nzima, na waniambie kifuniko kikoje. Mmoja alikuwa amekwisha kuila na mihogo ya kukaanga. Hakupata madhara yoyote, na chupa yake ilikuwa katika zile ambazo hazikufura. Hata hivyo nilihesabu siku kwa hofu mpaka juma likapita.

Mapishi yenyewe, kama yalivyotufikia, yalikuwa maneno tu. Bibi alizaliwa Pangani, hakuandika chochote, na alichowafundisha wanawe ni hiki: bakuli moja la ukwaju ulioambuliwa, ulowekwe kwa maji ya moto na kukamuliwa mara mbili, pilipili mbuzi nyekundu 15, vichwa viwili vya kitunguu saumu vilivyochomwa kwenye majivu, binzari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, kipande cha sukari guru, na chumvi ya mawe konzi moja. Vyote, isipokuwa kitunguu saumu kinachotiwa mwishoni, vipikwe kwa moto wa mkaa uliopoa, mpaka mwiko ukipitishwa chini ya chungu uache njia inayokawia kufunga. Chupa zijazwe hapo hapo. Hakuna siki ndani yake, hakuna mafuta, hakuna nyanya.

Mimi nilizidisha kila kitu mara nane, nikagawa kazi katika sufuria mbili kubwa, kila moja ya chupa 12. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Jikoni mambo hayakwenda hivyo, na kosa la kwanza halikuwa na uhusiano wowote na chupa, bali lilikuwa kwenye kisu. Bibi alikuwa akipasua kila pilipili na kukwangua kwa kijiko kidogo ule utando mweupe unaoshika mbegu, mikono yake ikiwa imepakwa mafuta ya nazi. Nilikuwa nimeliona jambo hilo utotoni mara nyingi, lakini nililichukulia kuwa ni nakshi ya mpishi mwenye subira, si sehemu ya mapishi. Nikiwa na pilipili 120 mbele yangu na watu wakiingia na kutoka, nilikata vikonyo tu na kuzitia zote kwenye blenda.

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, na sehemu yenye kapsaisini nyingi kuliko zote ni utando ule mweupe. Mbegu zenyewe huwa kali kwa sababu zimegusana nao. Pilipili mbuzi ni ya jamii ya Capsicum chinense, mojawapo ya pilipili kali zinazolimwa kwa wingi, na anayeacha utando ndani anapata rojo iliyo kali mara kadhaa kuliko ile ya anayeukwangua, ingawa idadi ya pilipili ni ile ile. Mafuta ya nazi mikononi nayo yalikuwa na maana yake: kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo mikono iliyotangulia kupakwa mafuta hunyonya kidogo, na sabuni ikija inaondoa mafuta pamoja na ukali wake. Niliosha yangu kwa maji matupu nikalala nayo inawaka.

Sufuria ya kwanza ilipoiva, walioonja walikohoa mpaka machozi. Ilikuwa pilipili nzuri yenye harufu yake kamili, lakini kali kiasi cha kuogopesha. Hapo hapo nikagundua jambo la pili: ukwaju hautoshi. Bakuli la bibi, ambalo baadaye nililipima kwenye mizani, hubeba gramu 600 za ukwaju ulioambuliwa pamoja na kokwa zake. Kwa chupa 24 nilihitaji kilo 4.8, nami nilikuwa na kilo 3.5 tu, kwa sababu Januari si msimu na sokoni ulikuwa umebaki wa mafungu madogo madogo. Sufuria ya kwanza ilikuwa imechukua haki yake, kilo 2.4. Ya pili ikabaki na kilo 1.1.

Nilifanya wanachofanya wapishi wengi wanaotaka kupunguza ukali na kuongeza wingi kwa pamoja. Nilichemsha kilo mbili za karoti, nikazisaga laini na kuzitia. Rangi ilipendeza mno, nyekundu iliyokolea badala ya kahawia, na ukali ulishuka. Maji ya kusagia karoti nayo yaliingia yote. Wageni wa kesha la kuimba walipoanza kufika saa kumi na mbili jioni, rojo hiyo ilikuwa bado nyepesi. Mwiko ulipita bila kuacha njia. Nilifunika sufuria, nikawapokea watu, na kujaza chupa zile 12 baada ya swala ya isha, wakati sufuria ikishikika kwa mikono mitupu.

Nimeyaeleza haya kwa mpangilio kana kwamba nilikuwa nayaona. Sikuwa nayaona. Siku ya Jumatatu nilichokuwa nacho kilikuwa chupa zilizofura na maelezo mawili ya haraka. Mama aliamini kwamba chupa hazikuoshwa vizuri. Jamaa mmoja mzee alisema kwamba mkono wa bibi haurithiki, na kwamba ndiyo maana hakuna anayewahi kuipata pilipili ile. Maelezo ya mama yalikuwa na uzito, kwa sababu chupa zilikuwa za kutumika mara ya pili. Maelezo ya mzee yaliniuma, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nisiitupe kesi hii pamoja na chupa.

Kabla ya kuzitupa nilizipanga mezani na kuzitenganisha kwa sufuria zilikotoka, jambo lililowezekana kwa sababu rangi zilitofautiana waziwazi. Zile tano zilizosafiri nilizijumlisha kwa maelezo ya simu, kwani rangi na hali ya kifuniko ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvieleza bila kufungua. Kati ya chupa 12 za sufuria ya kwanza, ilifura moja. Kati ya chupa 12 za sufuria ya pili, zilifura tisa. Maelezo ya uchafu wa chupa yalianguka hapo hapo, au walau yalipungua sana, kwa maana chupa zote ziliwekwa katika karai moja, zikaoshwa kwa maji yale yale na kugawanywa bila kuchaguliwa. Uchafu usingejua ni chupa ipi itajazwa kutoka sufuria ipi. Ile moja ya sufuria ya kwanza ilikuwa na sababu yake peke yake: utepe wa ndani ya kifuniko, ule unaozuia hewa, ulikuwa umepasuka.

Nilimshuku pia kitunguu saumu, na nilimshuku bure. Bibi alikuwa akikitia mwishoni, chungu kikiwa kimekwisha kuepuliwa, ili harufu yake isipotee, nami nilifanya vivyo hivyo. Nikafikiri kwamba huenda kiliingiza vimelea kwenye chakula ambacho hakikupikwa tena. Lakini kiliingia katika sufuria zote mbili kwa namna moja, na rojo ya kwanza ilikuwa bado inachemka kiasi cha kuunguza. Kinachotakiwa kuogopwa kuhusu kitunguu saumu ni kukihifadhi kikiwa kibichi ndani ya mafuta kwenye joto la chumbani, kama wafanyavyo wengine kwa pilipili ya mafuta, na hilo halikuhusu kisa hiki.

Kilichofura kilifura kwa sababu ya gesi, na gesi inatoka kwa kiumbe hai anayekula. Ile chupa iliyovuja ilitoa harufu ya unga uliochacha, karibu na harufu ya togwa iliyopitiliza, na povu dogo dogo lilikuwa likipanda pembeni mwa kioo. Hizo ni dalili za chachu, ndugu wa hamira tunayoumulia maandazi, anayekula sukari na kutoa hewa ya ukaa na kileo. Chachu za porini ziko kila mahali: kwenye maganda ya matunda, hewani, kwenye mwiko uliowekwa mezani. Zina sifa moja inayowapotosha wapishi wa achari na pilipili, nayo ni kwamba ukali wa asidi hauzisumbui sana. Zinaweza kuishi ndani ya rojo yenye uchachu kiasi ambacho bakteria wengi wangekwisha kufa. Zisichokiweza ni joto, kwani chachu nyingi hufa kwa muda mfupi tu joto likipita nyuzi 70 za Selsiasi.

Kwa hiyo hakuna chachu iliyonusurika katika kuchemka kwa sufuria yoyote kati ya zile mbili. Ziliingia baadaye. Rojo ya sufuria ya kwanza iliingia chupani ikiwa ya moto kiasi kwamba niliishika chupa kwa kitambaa, na joto lile lilisafisha kioo, shingo ya chupa na sehemu ya ndani ya kifuniko. Ilipopoa ilijinyonya na kukivuta kifuniko chini. Rojo ya sufuria ya pili ilikaa saa mbili na zaidi ikipoa, ikachotwa kwa upawa uliokuwa mezani, na kuingia katika chupa ambazo haikuwa na nguvu ya kuzisafisha. Tena ilikuwa na maji mengi na sukari ya karoti, yaani malisho, na chumba tulichoziweka kina paa la bati, katika joto la kaskazi la Tanga, mahali ambapo unga wa maandazi huumuka kabla hujamaliza kufunika beseni.

Hapo ningeweza kuifunga kesi, na kwa siku mbili niliifunga kweli. Chanzo kilikuwa kujaza rojo iliyopoa. Dawa ilikuwa kujaza ya moto. Kilichonirudisha mezani ni swali la karoti, kwa sababu nilipokuwa nikisoma kuhusu usindikaji wa mboga nilikutana tena na tena na namba 4.6, na nikatambua kwamba nilikuwa nimeshughulikia tatizo lililopiga kelele na kuliacha lile lililonyamaza.

Namba hiyo ni ya kipimo cha asidi kiitwacho pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo chakula kilivyo kichachu, na kila hatua moja ya namba ni tofauti ya mara kumi. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum anayeishi udongoni katika umbo la mbegu ngumu, zisizokufa kwa maji yanayochemka hata yakichemka kwa saa nyingi. Kuziua kunahitaji joto la nyuzi 121 hivi, ambalo hupatikana ndani ya chombo cha mgandamizo tu. Zikifungiwa mahali pasipo hewa, penye unyevu na pasipo asidi ya kutosha, huota na kutengeneza sumu inayopoozesha misuli ya mwili, pamoja na ile ya kupumua. Kinachozizuia zisiote katika chupa ya pilipili ni uchachu: chini ya pH 4.6 haziwezi. Na tofauti na chachu, sumu hiyo inaweza kuwepo bila harufu na bila ladha, na hata kifuniko kisiinuke.

Ukwaju ni miongoni mwa matunda machachu kabisa tuliyonayo. Nyama yake ina asidi ya tatariki kwa wingi, na pH yake huwa chini ya 4 kwa mbali. Karoti iko karibu na 6. Pilipili na kitunguu saumu navyo havina uchachu wa maana. Katika mapishi ya bibi, basi, ulinzi wote ulikuwa umebebwa na ukwaju peke yake, pasipo msaidizi. Mimi katika sufuria ya pili niliupunguza ukwaju kwa zaidi ya nusu, kisha nikaujazia nafasi yake kwa mboga inayochimbwa udongoni. Kama mtu angenitaka nibuni namna ya kuondoa ulinzi wa mapishi yale huku nikiacha jina na rangi, nisingepata njia nyepesi kuliko hiyo.

Chupa zenyewe nilikuwa nimekwisha kuzitupa, zilizofura na zisizofura, za sufuria zote mbili, bila kuzionja. Kishawishi cha kuzichemsha upya kilikuwepo, hasa kwa zile zilizoonekana salama, na kuna waliolia na sukari na ukwaju uliopotea. Sijutii. Nilizifunga zikiwa zimefungwa hivyo hivyo katika mifuko miwili miwili, nikazifukia mbali na bustani, na kufuta kabati kwa maji yenye dawa ya klorini. Kwa sababu hiyo nilihitaji kuipika upya sufuria ya pili kwa kiasi kidogo, kwa uwiano ule ule wenye makosa, ili niipime ikiwa mbichi.

Karatasi za kupimia pH hazikunifaa sana, kwa kuwa rangi ya rojo inaloweka karatasi na kuficha rangi inayotakiwa kusomwa. Mwalimu mmoja wa sayansi wa sekondari aliniazima kipimo cha dijitali, na tukakirekebisha kwanza kwa maji yake maalumu. Rojo iliyopikwa kwa uwiano kamili wa bibi ilisoma 3.3. Rojo ya karoti ilisoma 4.3. Haikuvuka mstari wa hatari, lakini ilikuwa imeusogelea, na hiyo ni kwa sampuli moja iliyochanganywa vizuri. Katika sufuria kubwa iliyokorogwa kwa haraka, yenye mabonge ya karoti chini, sina haki ya kudhani kwamba kila chupa ilipata uchachu sawa na mwenzake.

Siku ya kupima nilimwita shangazi, mama wa bibi arusi, ambaye ndiye aliyesimama karibu na chungu cha bibi kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine aliye hai. Alikuja, tukaamkiana, akaketi kwenye mkeka na kukitazama kipimo kwa adabu lakini bila hamu. Nilimpa vijiko viwili vya rojo mbichi zilizotoka jikoni muda ule, bila kumwambia ipi ni ipi. Alionja ya karoti, akanyamaza, akapitisha ulimi kwenye meno. "Hii haishiki meno," alisema. Akaonja ya pili, akakunja uso, akacheka. "Hii ndiyo. Mama alikuwa akionja kabla ya kutia kitunguu saumu. Meno yasipoingia ganzi, anaongeza ukwaju."

Hakuna aliyewahi kunieleza hatua hiyo. Haikuwa katika maneno tuliyorithi, kwa sababu bibi hakuihesabu kuwa kiungo wala kipimo. Ilikuwa jambo alilolifanya kwa mdomo wake, akiwa amewapa mgongo waliomtazama. Bila kujua neno asidi, alikuwa na mtihani wa kuikataa sufuria iliyopungua uchachu, na mtihani huo ungeikataa sufuria yangu ya pili mara moja. Siusemi kuwa unatosha kuchukua nafasi ya kipimo kwa chakula kinachokwenda kwa watu, kwani ulimi wa mtu mwenye mafua au aliyekwisha kuonja mara kumi hupotea. Lakini ulikuwepo, nasi tuliuacha kaburini kwa sababu hatukuuliza.

Tukiwa hapo hapo tulimaliza suala la chumvi. Nilimwomba shangazi achote konzi ya chumvi ya mawe mara tatu, nami nikapima: gramu 62, gramu 58, gramu 61. Konzi yangu ilitoa gramu 38. Mkono wangu ni mdogo, na utotoni nilisifiwa kwa hilo. Mapishi ya bibi hutoa takriban kilo 1.2 za rojo, kwa hiyo chumvi yake ilikuwa kama asilimia 5. Kila sufuria yangu, yenye konzi zangu nne katika kilo 4.8, ilikuwa na asilimia 3 na ushei. Chumvi peke yake isingezizuia chachu katika kiwango chochote kati ya hivyo viwili, na sidhani kwamba ilikuwa chanzo kikuu, ila ilikuwa mlinzi mwingine aliyepunguzwa bila mtu kujua.

Tulipika mara ya mwisho kwa kiasi cha chupa sita, uwiano wa bibi, pilipili zikiwa zimekwanguliwa, chumvi kwa mizani. Nilitumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu badala ya ile ya alumini ya arusi, kwa sababu asidi ya ukwaju huila alumini na kuacha ladha ya bati, jambo ambalo bibi hakuwa nalo katika chungu chake cha udongo. Shangazi ndiye aliyesema lini mwiko umeacha njia. Chupa tatu nilizijaza rojo ikiwa juu ya nyuzi 85, katika chupa zilizochemshwa na zikiwa bado za moto, nikazifunga kwa vifuniko vipya na kuzigeuza kichwa chini kwa dakika chache ili moto ufike kwenye kifuniko. Tatu nyingine niliziacha zijazwe rojo ikiwa imepoa, kwa makusudi, na kuziwekea alama nyekundu. Zote sita zilikaa kwenye kabati lile lile, chini ya paa lile lile la bati, kwa siku 30.

Kati ya zile tatu zilizojazwa rojo baridi, moja ilitoa mlio wa hewa nilipoifungua na ilikuwa na povu; nilizitupa zote tatu. Zile tatu za moto zilikuwa na vifuniko vilivyozama katikati, vikatoa sauti ya utupu kuvunjika vilipofunguliwa, na pH yake ilisoma 3.3 kama siku ya kwanza. Chupa sita ni chache, na simwambii mtu kwamba nimethibitisha zaidi ya hapo. Zilinitosha kuona kwamba chachu iliingia kwa mlango ule niliofikiri, hata pale uchachu ulipokuwa kamili.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na shangazi hatujaafikiana. Ukwaju unapoadimika, siki ya kawaida ya asilimia 5 inaweza kushika sehemu ya kazi yake ya ulinzi, mradi pH ipimwe, na wengi wanaouza pilipili huitumia. Shangazi anasema kwamba ikitiwa siki itakuwa pilipili ya hotelini, na kwamba harufu yake humfikia mtu kabla ya ukwaju. Nimeionja kwa siki, na naungana naye kuhusu harufu, ingawa sioni ubaya kwa anayetaka. Binamu yangu mmoja angependa tuiuze. Nimemwambia kwamba njia hiyo inapita kwanza kwenye mafunzo ya usindikaji, kama yale ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na kwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula nchini, na kwamba mimi sijafika huko.

Mapishi sasa yameandikwa. Karatasi ina gramu, pH isiyozidi 3.6, joto la kujazia, na mstari kuhusu utando mweupe. Shangazi alitaka ganzi ya meno nayo iandikwe, mbele ya kipimo cha pH na si baada yake, nami nimeiandika mbele. Arusi inayofuata ni ya Septemba, ukwaju mpya ukiwa umekwisha kuvunwa. Nimeagiza kilo tano kutoka Handeni, na tumekubaliana kwamba ukipungua tutapunguza chupa.